Nguzo ya Nne ya Dungu la Shangazi

Mtu aliyemtaka Shangazi yangu hapa Kibiti hakuuliza nyumba yake iko wapi. Aliuliza dungu liko wapi, na hata mtoto asiyejua kufunga viatu angemfikisha. Dungu, kwa asiyelijua, ni kibanda cha juu ya nguzo ambacho watu wa Rufiji hujenga katikati ya shamba la mpunga. Mwenye shamba hukaa humo mpunga unapoanza kuiva, awafukuze ndege na nguruwe, na akishavuna huliacha lianguke lenyewe. Lina ngazi ya miti, sakafu ya fito na paa la kumtosha mtu aliyejikunja. Dungu la Shangazi halikuwa shambani. Lilikuwa uani kwetu, nyuma ya nyumba ya matofali ya Baba, kati ya kamba ya kuanikia nguo na matuta ya mchicha ya Mama. Hapakuwa na punje ya mpunga ya kulinda. Shangazi alikuwa akilinda fedha zake zisiliwe, na aliishi humo kwa miaka.

Sitasema alizaliwa lini wala ukoo wake ukoje, maana ukoo wake ndio wangu na hauna jipya. Yeye ni dada wa Baba, wote watu wa visiwa vya deltani. Baba alipanda bara angali kijana, akapata kazi, akamwoa Mama ambaye ni mtu wa Mahege, kijiji cha huku bara, akajenga. Shangazi alibaki deltani na kuolewa na mfanyabiashara wa boriti. Alipoachwa alikuja kwetu na sufuria mbili kubwa za shughuli, mwiko mrefu kuliko mimi wakati ule, na furushi la kanga. Baba alikwisha kumtayarishia chumba, kitanda kimetandikwa na chandarua kipya kimefungwa. Shangazi alikitazama chumba kile akiwa amesimama mlangoni, akakisifu, kisha akauliza kama uani pana mtu anapatumia.

"Uani pa kufanyia nini?" Baba akauliza.

"Pa kulala, Kaka."

"Na hiki chumba je?"

"Chumba kizuri, Mungu akuzidishie. Lakini nikiingia humu nshafika. Na mie sijafika, nipo njiani."

Alikokuwa akienda alikutaja siku hiyohiyo, wala hakukuficha kwa mtu. Alitaka nyumba yake, kwenye kiwanja chake, ambamo hakuna mwanamume wala mtoto wa mwanamume atakayeweza kumwambia akusanye vyombo. Kodi ya kupanga ingemla. Chumba cha ndugu nacho kingemla, polepole, kwa sababu anayelala ndani huombwa kila kinachopungua ndani. Uani, alisema, mtu huombwa chumvi tu.

Baba aliona aibu kweli. "Watu watasema nini? Dada yangu analala dunguni kama mlinda ndege, mie nimejinyoosha kwenye godoro?"

"Waambie dada yako ana kichaa. Watakuhurumia."

Dungu likajengwa. Aliagiza boriti nne za mkandaa, mti wa mikokoni, zilizogongwa nyundo ya Misitu kabisa kuonyesha zimekatwa kwa kibali, maana alikuwa mtu wa kuogopa kesi. Zikaja kwa chombo hadi Nyamisati, na kutoka pale zikapanda lori. Wakati wa kushushwa moja ilitupwa vibaya ikapasuka. Shangazi alimtukana utingo kwa adabu, kisha akapita kwenye ua wa Mama kutafuta mti wa kuziba pengo. Ua ule ulikuwa wa milonge. Akachagua mmoja ulionyooka, akaukata, akauchimbia shimo, ukawa nguzo ya nne. Mama alikuwa amekaa pale akichambua mchele, akamwangalia mwanzo mpaka mwisho, asiseme neno. Nitarudi kwenye ukimya huo wa Mama.

Kazi yake ilikuwa kupika shughuli. Harusi, maulidi, hitima, arobaini, kutoka Kibiti mjini hadi Dimani, waliomhitaji walimfuata. Akiwa kwenye shughuli alikuwa mtu mwingine: kanga ameifunga kiunoni, sauti inavuka nyumba tatu, anawaamuru mabwana wazima wasogeze kuni na wanasogeza. Mwiko wake hakuwa akimwachia mtu. Akirudi nyumbani ile sauti aliiacha hukohuko, akazungumza kwa upole mpaka ukalazimika kumsogelea.

Ajabu ni kwamba mpishi huyu aliyeshibisha vijiji hakuweza kupika chakula cha watu wachache. Mama alipougua homa akaomba wifi yake atupikie, Shangazi alimimina mchele kwa mazoea, na jioni ile tuliita majirani, na kesho yake tukaita wa mbali. Nazi alitia vizuri, chumvi alitia vizuri, lakini wali wenyewe ulikuwa wa kumwoza bibi harusi. Mama akiwa kitandani akacheka mpaka homa ikasahaulika.

"Wifi, tupo watano humu."

"Ndiyo tabu yenyewe. Mie sijui kupikia watu wanaohesabika."

Peke yake alikula vibaya. Mara nyingi muhogo wa kuchemsha, mara nyingine mabaki ya shughuli mpaka yachachuke. Na mkono ule uliomwaga samli kwenye masufuria ya watu ulikuwa mgumu kwa chake mwenyewe. Sukari yake aliificha ndani ya kopo la majani ya chai na majani ya chai akayatia kwenye kopo la sukari, ili anayedokoa akose. Mgeni aliyepanda dunguni alipewa chai kavu na kuambiwa kwamba sukari ya wageni ipo kwa wifi. Alikuwa mchoyo, sina neno jingine zuri la kumtafutia, na nilimpenda hivyohivyo.

Kuhusu fedha alikuwa na imani zake. "Fedha ina jina," alituambia, "na ndugu wakilisikia jina hilo wanaitika." Kwa hiyo hakuiweka fedha kuwa fedha. Kila shughuli ikilipa alirudi na kitu: bati, misumari, kipande cha nondo, mfuko wa saruji ambao fundi alikuwa tayari kuufyatulia matofali kesho yake. Siku moja alirudi amebebewa dirisha zima lenye vyuma, lililong'olewa kwenye nyumba iliyobomolewa. Vyote vilikaa chini ya dungu, vimeinuliwa kwenye mawe na kufunikwa magunia. Kuku wa Mama walitagia ndani ya lile dirisha, na Shangazi akadai mayai hayo ni kodi ya dirisha. Mama akadai kuku ndio waliompa dirisha heshima. Waligawana.

Ndugu walikuja, bila shaka. Alikuja mmoja wa upande wa mama yao, amevaa vizuri, anataka mtaji wa biashara ya simu. Shangazi alimkaribisha, akampa chai kavu, akamsikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu, fedha sina. Nna bati. Utaanzia biashara na bati?"

Yule kijana alitazama chini ya dungu, akapiga hesabu zake, akaona kwamba mtu aliyevaa vizuri vile hawezi kupita barabarani na bati kichwani. Akaaga.

Nisimfanye malaika. Masika moja upepo uliezua jiko la Mama, makuti yote yakaenda kwa jirani. Mvua ilikuwa inanyesha kila siku, na Mama akawa anapikia barazani huku moshi ukiingia ndani. Sote tulijua chini ya dungu kuna nini. Mama hakuomba, kwa sababu Mama haombi. Baba naye hakuomba, ila alianza kutembea uani bila sababu, na kila akilipita lile rundo la bati anakohoa.

"Kaka," Shangazi akamwambia kutoka juu, "hata ukikohoa hapo mpaka Idi, bati halipandi."

Baba alikasirika. Na mimi nilikasirika, nikamwona mtu asiye na haya, anakula mchicha wetu na kukaa kwenye ardhi yetu, kisha anatunyima bati la siku chache. Nikiwa bado nimenuna nikamwona anafungua kamba za turubai lililokuwa paa la dungu lake. Akalishusha, akaliburuta hadi jikoni, akapanda kwenye kuta mwenyewe na kulifunga juu ya jiko la Mama, akilowa mwili mzima. Kisha akakusanya mkeka wake akaja kulala chumbani kwangu.

"Bati likishapanda kwenye jiko la wifi halishuki," alinieleza akijikausha nywele. "Nitakapolihitaji nitalazimika kuja kulishusha, na siku hiyo nitakuwa mbaya kuliko leo. Turubai linajua kurudi."

Muda wote ule aliolala ndani alilala chini, mkekani, ingawa kitanda changu kilikuwa kinatosha wawili. Alisema kitanda atakizoea. Baba aliponunua makuti na jiko kuezekwa, turubai lilirudi juu ya dungu siku ileile, na Shangazi akarudi chini yake. Nilihuzunika. Nilikuwa nimeanza kuzoea kumsikia akipumua.

Kulikuwa na jambo moja la ndani ya nyumba ambalo hakuliweza: tamthilia. Jioni ilipoanza ile ya mfalme na wake zake, alishuka dunguni kama mtu anayekwenda kutazama kuku, akapita karibu na dirisha la sebule, akasimama. Mikono aliiweka kwenye kizingiti cha dirisha. Ukimkaribisha ndani alijibu, "Napita tu, mwanangu." Alipita tu mpaka tamthilia ikaisha, akilaani wale wake wadogo na kumshauri mfalme kwa sauti. Kaka yangu Shabani, ambaye ndiye mkubwa kwetu, alimwekea kiti nje akakikataa. Tatizo ni kwamba televisheni ilitazama makochi, na yeye aliiona ubavu. Jioni moja tuliingia sebuleni tukakuta televisheni imegeuzwa inatazama dirisha. Sisi wenye nyumba ikabidi tusogee tukae upande wa ukutani. Baba alikuwa amekaa na redio yake sikioni, hajui lolote, hakuona aliyegeuza.

Nimesema alikula mchicha wetu. Alipanda na wake. Nyuma ya dungu alilima bamia, kunde, tungule na mchicha, na mkono wake ulikubaliwa na ardhi. Lakini hakupanda kitu chochote kinachodumu. Mama alimpa mche wa mlimao, akauweka kwenye kopo, akampelekea mwenye harusi huko Mkongo. Baba alimpa nazi iliyochipua, akaikuna.

Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa hili, ila vijana wa siku hizi husahau. Kwetu mti una mwenyewe hata kama ardhi ina mwingine. Aliyepanda mnazi kwenye uwanja wa mtu, mnazi ni wake, na mahali ulipo hapaguswi mpaka wazungumze. Kwa hiyo mgeni mwenye adabu hupanda kunde. Akipanda mti, ametia mguu. Shangazi alilijua hili kwa maumivu. Kule deltani alipanda minazi kwenye uwanja wa mumewe, akaimwagilia kwa ndoo, na alipopewa talaka shemeji zake walimwambia alikuwa akiwapandia wao. Hakuwa na shahidi.

"Nimepanda minazi kwa watu," aliniambia siku moja tunachuma bamia. "Leo inaangusha dafu kwa watoto wa wengine. Sirudii. Hapa kwa kaka yangu nikiondoka sitaki hata shina lije kuniuliza."

Basi mwone mtu huyo, na masika yaliyofuata yale ya upepo, Mama anasimama uani na ungo mkononi, anaita kwa sauti tamu sana:

"Wifi! Njoo uone. Nguzo yako imechipua."

Ile nguzo ya nne, ya mlonge, ilikuwa imetoa majani karibu na mto wa kulalia wa Shangazi. Mtu wa deltani amejenga maisha yake yote kwa mikoko, na boriti ya mkandaa ikishakatwa imekufa, unaweza kuichimbia popote ikakaa mpaka wajukuu. Mtu wa Mahege anajua kwamba mlonge ukiuchomeka ardhini mbichi hausimami tu, unaota. Shangazi alitazama majani yale, akanitazama mimi, akamtazama Mama.

"Wifi, ulijua?"

"Nilijua."

"Siku ile nachimba, ulijua?"

"Nilikuwa nachambua mchele," Mama akajibu, akaingia jikoni kucheka.

Shangazi aliyapukutisha majani. Yakarudi. Akayapukutisha kila asubuhi kabla ya chai, na mlonge ukachukulia kwamba anaupogoa ukazidi kunenepa. Mama akawa anapita kuokota yale majani na kuyapika kwa nazi, mboga nzuri, na Shangazi aliletewa bakuli lake na akala. Nguzo nyingine tatu zilisimama zilivyosimama. Ya nne ilikuwa inanenepa na kuisukuma sakafu, na dungu likainama kidogo upande wa pili.

Akaamua kuikata na kutia mkandaa mwingine. Na hapo ndipo Baba alipofanya alilolifanya.

Ilikuwa hitima ya marehemu bibi yetu, pale uani. Mashehe wamemaliza kusoma, imamu amekaa, majirani wamejaa kwenye majamvi, Shabani na wenzake wanapitisha masinia ya pilau aliyoipika Shangazi mwenyewe. Baba akasimama. Hakuwa mtu wa kusimama mbele za watu. Akasema, "Jamani, nina neno dogo. Mnauona ule mlonge. Umepandwa na dada yangu, mkono wake mwenyewe. Mie ni mwenye uwanja na nasema mbele yenu, mti ule ni wake na mahali uliposimama ni pake. Asiukate mtu." Imamu akasema amina. Majirani wakasema amina. Shangazi alikuwa jikoni na mwiko mkononi, akasikia yote.

Watu walipoondoka, ile sauti ya shughuli kwa mara ya kwanza ilitumika nyumbani.

"Kaka, umenifunga kamba mbele ya watu!"

"Nimekufunga vipi?"

"Sasa nina pahala hapa. Mtaa mzima umesema amina. Nikinunua kiwanja wataniuliza natafuta nini. Nikiondoka nimemkimbia kaka yangu. Nikibaki nitabaki mpaka nife, mie na nguzo. Hivyo ndivyo ulivyotaka!"

Baba akaanza kukunja majamvi, na tulijua ana lake moyoni. Alitaka abaki. Alikuwa na dada mmoja tu duniani, na aliogopa kumwona anakwenda kukaa peke yake pembezoni mwa mji. Sikumlaumu, lakini niliuelewa moto wa Shangazi kuliko nilivyowahi kuuelewa. Kitu alichokitaka kilikuwa kimoja, na ndugu anayempenda alikuwa amekiweka mbali kwa neno zuri. Hawakusemeshana muda mrefu. Salamu zilipitia kwa Mama. Jioni televisheni ilikuwa bado inatazama dirisha, na dirishani hapakuwa na mtu.

Alichofanya Shangazi ni kufanya kazi. Alipokea shughuli ambazo zamani alizikataa, za mbali, za watu wagumu. Kiwanja alikipata njia ya kwenda Mahege, kwenye udongo wa kichanga, na ndugu wa Mama ndio waliomwonyesha. Rundo la chini ya dungu likaanza kupungua. Yakaenda matofali, zikaenda nondo, likaenda dirisha na kuku wakabaki wanazunguka hawana pa kutagia. Bati lilikwenda mwisho. Nilikwenda naye siku linapandishwa. Alikaa chini kwenye mchanga, miguu ameinyoosha, akatazama fundi anapigilia msumari wa mwisho. Kisha akaingia ndani ambako hakukuwa hata na mlango, akafunga mlango usiokuwepo kwa mkono, hivi, kama mtoto anayecheza. Nikamsikia analia. Nilibaki nje.

Siku ya kuhama, Baba alitoka na panga na kamba, akamsaidia kulibomoa dungu bila kuombwa. Wakang'oa ngazi, wakafungua fito, wakachimbua nguzo tatu za mkandaa, ngumu kama zilivyokuja. Walipofika kwenye ya nne wote wawili wakasimama. Ilikuwa mti sasa, ina kivuli chake.

"Nikate?" Baba akauliza, panga mkononi. "Sema wewe. Mti wako."

Shangazi aliweka kiganja kwenye gome.

"Sikukufunga kamba," Baba akaendelea, anatazama mti. "Nilikuwekea pa kurudi. Kule deltani hukuwa na shahidi. Hapa nimekutafutia mtaa mzima."

Shangazi alimnyang'anya panga akaliweka chini. "Uache," akasema. Halafu, ili asionekane amelainika, akaanza kumtukana dereva wa guta kwa kufunga nguzo zake ovyo.

Alipofika kwake alipanda kila kitu. Minazi, milimao, michungwa, mpera, hata mkorosho ambao hauna nafasi pale. Mtu aliyekataa kupanda mche wa mlimao kwa miaka aliugeuza uwanja ule kuwa msitu, ukienda unainama kupita. Sukari bado aliificha. Televisheni alinunua, na akaiangalia amesimama.

Mimi niliolewa Dar es Salaam, ndoa ikanishinda, nikarudi na cherehani yangu. Baba alikuwa ameshafariki, Mungu amrehemu, na Mama alikuwa na Shabani na mkewe kwenye ile nyumba. Shabani alinipa chumba kilekile alichokikataa Shangazi, na chandarua kipya. Kaka yangu si mtu mbaya. Lakini nilishona sare za shule kutwa, na kila nilichokipata kilitoka mlangoni kabla sijakigusa: luku ya umeme imekwisha, mtoto ana homa, wifi anauliza kama nina ya mkaa. Nilitaka kiwanja changu na sikuwa nakikaribia. Nikaamua kwenda kumwomba Shangazi chumba. Yeye ana vyumba vitatu na yuko peke yake.

Nilimkuta barazani anachambua mchele, mwili umepungua, macho yaleyale.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Chai ipo, sukari usiulize."

Nikamweleza. Nilikuwa nimejiandaa, nikasema yote kwa mpangilio, chumba, cherehani, kiwanja. Alinisikiliza hadi mwisho, kama alivyomsikiliza yule kijana wa simu.

"Sikupi," akasema.

Machozi yalinijia na sikuyaficha. Nilimwambia kwamba kwa mtu yeyote ningelitarajia neno hilo, si kwake.

"Sikiliza. Ukiingia humu nshakufikisha. Utakuwa mtoto wa Shangazi, unanipikia uji, mpaka nife. Nikifa watakuja wenye urithi wao wakwambie ukusanye vyombo, na utakuwa huna cha kwako. Unataka nikufanyie hivyo? Inuka."

Alinipeleka jikoni. Akanyoosha mwiko wake mrefu juu, kwenye kenchi za paa. Zilikuwa zimelala pale, zimekuwa nyeusi kwa moshi, boriti tatu za mkandaa.

"Chukua hizo. Ukishajenga kwako, zirudi."

"Dungu lina nguzo nne, Shangazi."

"Ya nne imesimama kwenu. Marehemu aliitangaza yangu, mti na mahali pake, na Shabani alikuwepo kashika sinia. Kamwambie nimekupa wewe. Akibisha, mwambie aende akamuulize imamu." Akarudi barazani kwenye mchele wake. Nilipokuwa nafunga boriti kwenye guta akaniita. "Panda kunde tu, umesikia? Na ile televisheni yenu inatazama wapi siku hizi?"

"Makochi, Shangazi."

Alicheka peke yake, hakunieleza.

Shabani alisema aliyoyasema Baba, karibu neno kwa neno: watu watasema nini, dada yake analala dunguni na yeye amejinyoosha kwenye godoro. Nikamwambia awaambie nina kichaa. Alinuna siku ile nzima, lakini alichimba mashimo, matatu, na kona ya nne tukaifunga kwenye mlonge. Mama alikaa karibu na ungo wake, anatuangalia, safari hii anasema kila kitu. Cherehani nimeiweka chini ya dungu, penye kivuli, na pembeni yake bati langu la kwanza.

Jioni moja nilishuka kupumzika macho, nikasikia muziki wa tamthilia unaanza ndani. Nikapita karibu na dirisha la sebule, napita tu, nikaweka mikono kwenye kizingiti. Wifi na watoto walikuwa wamebanana upande wa ukutani. Shabani alikuwa amekaa na simu yake sikioni, hajui lolote, na televisheni ilikuwa inanitazama mimi.